Magurudumu Manne Katika Njia za Mlima Meru

Na Bwana Shamba

Ndugu msomaji, mwezi huu tunasafiri. Tunatoka Arusha mjini. Tunapita Tengeru, tunapanda vijiji vya migombani, kisha tunazunguka upande wa mashariki wa Mlima Meru hadi Ngarenanyuki. Safari yetu si ndefu, lakini ndani yake mna lami, tope, mawe na mchanga. Gari la kufanya kazi mlimani hujulikana katika njia kama hii.

Tunasafiri kwa gari dogo la mtumba. Limetoka Japani, nchi ambayo magari yake hupita upande wa kushoto kama ya kwetu. Kikundi kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kinataka kulinunua. Wanachama wamechanga fedha kidogo kidogo kwa miaka miwili. Wamelipa nusu ya bei. Nusu ya pili italipwa gari likikubaliwa. Muuzaji amewapa siku moja ya kulijaribu, na amemtuma kijana wake awe dereva.

Kwa nini wanataka gari hili na si jingine? Kwa sababu lina nguvu ya magurudumu manne. Mafundi huiita fowili. Gari la kawaida huvutwa na magurudumu mawili tu. Mengine mawili yanafuata. Gari la fowili linaweza kuvutwa na yote manne, likapita penye utelezi.

Lakini kuambiwa kuwa gari lina fowili ni jambo moja. Kujua kama fowili hiyo inafanya kazi ni jambo jingine. Kikundi kikilipa fedha zote, kisha gari likakwama masika, maziwa yatachacha njiani na fedha za miaka miwili zitakuwa zimepotea. Ndiyo maana wameniomba niende nao, pamoja na fundi wanayemwamini. Wengine safarini ni Mzee mwenyekiti na Mama mweka hazina.

ARUSHA MJINI: KABLA YA KUONDOKA

Ni asubuhi ya Jumamosi, mwezi Machi. Masika yameanza upande wa kusini wa mlima. Kilele cha Meru kimefunikwa na mawingu.

Fundi hakuwasha injini kwanza. Alizungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi zikawaka.

"Njoo uone, Mama," alimwambia mweka hazina. "Hizi taa ndizo mdomo wa gari. Ukizungusha ufunguo, lazima ziwake. Injini ikishanguruma, nyingi lazima zizimike."

"Na taa isiyowaka kabisa?" aliuliza Mama.

"Hiyo iulizie zaidi. Labda balbu imeungua. Labda kuna mtu ameitoa ili usione ugonjwa."

Taa zote ziliwaka. Kisha fundi akatoa kamba mfukoni. Akaizungusha kwenye tairi moja, juu ya sehemu inayokanyaga chini, akafunga fundo. Akapima na tairi nyingine kwa kamba ile ile. Tatu zililingana. Ya nne, ya nyuma kushoto, ilikuwa ndogo. Kamba ilizidi kwa upana wa vidole viwili.

Mzee mwenyekiti alisema, "Tairi si tairi tu, fundi?"

"Hapana, mzee wangu. Kwa gari la fowili tairi zote nne lazima zilingane. Tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa. Fowili ikifungwa, vyuma vya ndani vinagombana. Mwisho vinakatika."

Mama mweka hazina aliandika katika daftari: tairi moja haifai.

KWENYE LAMI: USIFUNGE FOWILI

Tuliondoka mjini kuelekea mashariki. Kutoka Sakina hadi Tengeru barabara ni pana, ina njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Urefu wake ni kilometa 14 hivi. Lami ilikuwa kavu.

Kijana wa muuzaji alitaka kutuonyesha fowili pale pale. Fundi akamzuia. Ndugu msomaji, sababu yake ni muhimu.

Umewahi kulima kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe wawili? Mnapogeuka mwisho wa shamba, ng'ombe wa nje hutembea hatua nyingi. Ng'ombe wa ndani hutembea chache. Ukiwalazimisha waende hatua sawa, nira itavunjika au watakwama.

Gari nalo ni hivyo. Likipinda kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Fowili ya kufunga kwa mkono au kwa kitufe huyalazimisha ya mbele na ya nyuma yaende sawa. Kwenye tope hakuna taabu, kwa sababu tairi hujitelezea kidogo na kujirekebisha. Kwenye lami kavu tairi imeshika, haitelezi. Nguvu yote inabanwa katika vyuma. Usukani unakuwa mzito, gari linasita kama limeshikwa breki, na fowili inakataa kutoka.

Ikikataa kutoka, usiilazimishe. Rudi nyuma polepole kwa mstari ulionyooka, mita chache tu. Vyuma vitalegea na fowili itatoka.

Basi kumbuka: lami kavu, magurudumu mawili. Tope, mchanga au mawe yanayoteleza, magurudumu manne.

TENGERU: SOKO NA MAZIWA

Tengeru iko kama kilometa 13 kutoka Arusha mjini. Jumamosi ni siku ya soko kubwa. Wanawake wanashuka kutoka milimani na mikungu ya ndizi, maparachichi, mboga na mahindi. Wengine hubeba kichwani. Wengine hukodi pikipiki. Mvua ikinyesha usiku, pikipiki nazo hushindwa kupanda.

Kaskazini ya barabara kuu, kuelekea mlimani, kuna Akheri, Poli na Nkoaranga. Huko watu wanalima kahawa na migomba pamoja. Ng'ombe wanafungwa bandani, wanakatiwa majani. Nkoaranga kuna hospitali ya Kilutheri. Mgonjwa na maziwa hupita njia zile zile, na vyote viwili haviwezi kungoja jua likaushe tope.

Maziwa yanakamuliwa alfajiri. Yasipopozwa mapema huharibika. Gari likifika saa mbili asubuhi, mfugaji anapata fedha. Likifika saa sita, anarudi na ndoo yake.

KUPANDA MLIMA: TAA ILIYOPEPESA

Tuliacha lami, tukaingia njia ya udongo kati ya migomba. Udongo wa Meru ulitokana na majivu na mawe ya volkano. Una rutuba nyingi. Lakini ukikauka ni vumbi, na ukilowa unateleza kama sabuni.

Kabla ya mwinuko, palipo tambarare, fundi alimwambia dereva asimamishe gari.

"Funga fowili sasa, kabla hujakwama. Ukingoja mpaka uzame, umechelewa."

Dereva alibonyeza kitufe kilichoandikwa 4WD. Taa ya kijani iliwaka. Lakini haikutulia. Iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika.

"Hiyo ni kawaida," alisema kijana. "Itatulia yenyewe."

Fundi alitazama saa yake. Tukangoja kidogo, kisha gari likasogea mita chache. Taa iliendelea kupepesa.

"Kijana, ikipepesa kwa sekunde chache ni sawa. Inasema, ngoja, naingia. Ikiendelea kupepesa inasema, nimeshindwa kuingia."

Hata hivyo tulijaribu kupanda. Sisi abiria tulishuka, tukasimama pembeni, mbali na gari. Usisimame mbele wala nyuma ya gari linalopanda utelezi. Tuliangalia magurudumu. Ya nyuma yalizunguka na kurusha tope. Ya mbele yalitulia tu, yanasukumwa. Gari halikupanda. Kila lilipojaribu, magurudumu ya nyuma yalichimba mifereji miwili njiani.

Mzee mwenyekiti akakunja uso. "Basi fowili haipo."

"Ipo, mzee," fundi akajibu. "Ila imelala. Tutafute inapolala."

KUTAFUTA UGONJWA KWA MPANGILIO

Hapa nataka msomaji aangalie vizuri. Fundi yule hakuanza kufungua vyuma. Alianza na vitu rahisi, vya bei ndogo, akaenda kwenye vigumu.

Kwanza, fyuzi. Hizi ni vipande vidogo vinavyokatika umeme ukizidi. Alitoa fyuzi ya fowili, akaitazama. Ilikuwa nzima.

Pili, waya na viungo vyake. Waya zikiingia tope au maji, umeme haupiti. Panya nao hupenda kutafuna waya za gari lililolala karibu na ghala. Waya zilikuwa nzima.

Tatu, mipira ya hewa. Katika baadhi ya magari madogo ya fowili, injini huvuta hewa kupitia mipira myembamba. Mvuto huo hufika kwenye magurudumu ya mbele na kuyafunga yashikane na ekseli zake. Mpira ukipasuka, mvuto unapotea. Umeme unaamuru, lakini gurudumu halisikii.

Fundi alizima injini. Akapitisha vidole katika mpira mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa mkavu, umepasuka karibu na ncha. Akakata sehemu mbovu, akaurudisha mahali pake, akaukaza.

"Huu ni msaada wa njiani," alisema. "Ukirudi mjini, weka mipira mipya yote. Huu mmoja ukipasuka kwa uzee, wenzake wako karibu."

Injini ikawashwa. Kitufe kikabonyezwa. Taa ikapepesa kidogo, kisha ikatulia.

Je, kazi imekwisha? Bado. Taa husema gia imeingia. Udongo ndio husema kama gurudumu linavuta. Tulishuka tena, tukaangalia kwa pembeni. Mara hii magurudumu ya mbele nayo yalirusha tope. Gari likapanda polepole, bila kelele nyingi, mpaka juu.

Kama lingeshindwa tena, fundi angetafuta ndani zaidi: vishikizo vya magurudumu ya mbele, propela ya mbele, na transfa. Propela ni chuma kirefu kinachopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Transfa ni sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ikiwa propela ya mbele inazunguka lakini magurudumu hayavuti, tatizo huwa karibu na magurudumu. Ikiwa propela yenyewe haipati nguvu, tatizo huwa katika transfa au katika kitu kinachoiamuru.

Onyo: kazi hiyo haifanywi kwa kulala chini ya gari linalonguruma. Wala usiinue gurudumu moja kwa jeki na kuweka gia huku fowili imefungwa. Magurudumu yaliyo chini yatavuta, gari litaruka jeki na kuua mtu. Ni kazi ya gereji, magurudumu yote manne yakiwa juu ya stendi imara.

MIFEREJI ILIYOBAKI NJIANI

Sasa nizungumze kama Bwana Shamba. Wenzangu walifurahi gari limepanda. Mimi nilitazama nyuma. Niliona mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya nyuma.

Mvua ya jioni itaingia katika mifereji ile. Maji hutafuta njia, na sisi tumeyapa njia. Baada ya mvua kadhaa mfereji unakuwa korongo. Korongo linakula barabara, kisha linakula shamba la jirani. Udongo mzuri wa mlima unashuka mtoni.

Kwa hiyo kufunga fowili mapema kunaokoa udongo pia. Gari linalopanda kwa magurudumu manne, polepole, bila kuzungusha tairi bure, halichimbi sana. Dereva anayekanyaga mafuta kwa hasira analima barabara.

Tulichukua koleo, tukafukia mifereji, tukaipitisha maji pembeni. Wenye mashamba ya pale wana makinga maji yaliyopandwa majani ya tembo. Majani yale yanashika udongo na yanalisha ng'ombe. Lakini makinga maji ya shambani hayatoshi ikiwa maji ya barabara hayana mfereji wake. Barabara na mashamba vinategemeana.

KUSHUKA: FOWILI SI BREKI

Tulishuka kwa njia nyingine. Mteremko ulikuwa mkali na wenye utelezi. Kijana alisema kwa furaha, "Sasa tuna fowili, hakuna wasiwasi."

Fundi akamjibu, "Fowili inakusaidia kuondoka. Haikusaidii kusimama. Kila gari lina breki nne, la fowili na lisilo la fowili."

Kweli hii imewaponza madereva wengi. Gari linapanda vizuri, dereva anajiamini, anashuka kwa kasi. Akikanyaga breki kwa nguvu, tairi zinajifunga, gari linaserereka hadi bondeni.

Njia ya kushuka ni hii. Simamisha gari juu, kabla ya mteremko. Weka gia ya kwanza. Kama gari lina gia ya nguvu iliyoandikwa 4L, iweke gari likiwa limesimama kabisa. Kisha shuka taratibu, injini ikilizuia gari. Gusa breki kidogo kidogo. Usiweke gia huru mteremkoni kwa kutaka kuokoa mafuta. Uhai ni ghali kuliko mafuta.

KUPITA HIFADHINI

Tulirudi barabara kuu, tukaenda Usa River, kisha tukashika njia ya kaskazini kuelekea Ngongongare na Momella. Njia hii inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960. Langoni tulisimama na kufuata maelekezo ya askari wa hifadhi. Ndani tuliona twiga na nyati, na mbega weupe na weusi juu ya miti.

Hapa mlima unaonekana tofauti. Ukiwa Arusha mjini, Meru ni kama chungu kilichofunikwa. Ukiwa Momella, unaona chungu kilichobomoka upande mmoja. Maelfu ya miaka iliyopita upande wa mashariki wa mlima uliporomoka. Mawe na udongo vilimwagika bondeni. Maziwa ya Momella yako katika mabonde ya kifusi hicho. Mlima ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Hata sasa una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na ni wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro.

Katika hifadhi huruhusiwi kushuka na kutembea ovyo. Nyati hana mzaha. Kwa hiyo gari bovu huku ni hatari. Ugonjwa wa gari utafutwe kabla ya langoni.

Mahali pamoja mbele ya safari tulivuka kijito. Mama mweka hazina aliuliza kama maji yanaweza kuingia katika gia.

"Yanaweza, Mama. Ukishavuka maji marefu, mwambie fundi aangalie oili ya transfa na ya difu zote mbili. Difu ni gia zilizo katikati ya ekseli. Oili nzuri hung'aa. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Imwagwe yote, iwekwe mpya."

"Kumbe gari nalo lina maziwa yake yasiyofaa," alisema Mzee. Tukacheka.

NGARENANYUKI: MCHANGA NA TAA NYINGINE

Upande wa kaskazini wa mlima ni mkavu. Mvua nyingi huishia kusini. Jina Ngarenanyuki linatokana na Kimasai, maana yake ni maji mekundu. Wakulima wanatumia maji ya mto kumwagilia. Nyanya na vitunguu vya hapa vinauzwa Arusha na mbali zaidi.

Ardhi hii ina historia. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru hapa kwa nguvu ili kuwapa walowezi ardhi. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kueleza shauri la Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Wazee wa hapa wanasimulia habari hizo hadi leo. Ardhi iliyopiganiwa namna hiyo haifai kuachwa ichukuliwe na makorongo.

Katika mchanga wa kijito kilichokauka tulimkuta mfanyabiashara wa nyanya. Gari lake dogo lilikuwa limekwama. Nalo lilikuwa la magurudumu manne, lakini la aina nyingine. Halikuwa na kitufe cha kufunga fowili. Magari ya namna hii hujifunga yenyewe pale magurudumu ya mbele yanapoteleza.

"Shikamoo mzee," mfanyabiashara alimsalimu mwenyekiti wetu.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Asante. Gari lina ajabu. Nikikanyaga mafuta, injini inafifia. Taa yenye picha ya gari linaloserereka inapepesa."

Fundi alimweleza. Magari mengi ya siku hizi yana kizuia utelezi. Kila gurudumu lina kihisio, yaani kidude kinachohesabu mwendo wake. Gurudumu moja likizunguka kuliko mengine, gari hulishika breki na kupunguza nguvu ya injini. Kwenye lami yenye maji jambo hili huokoa maisha. Lakini ndani ya mchanga mzito magurudumu yote yanateleza, na gari linahitaji nguvu ili litoke. Kizuia utelezi kinainyima.

"Basi hakijaharibika?"

"Hapana. Taa ikipepesa wakati wa kuteleza, kinafanya kazi yake. Ikibaki imewaka muda wote, hata kwenye barabara nzuri, hapo kuna ugonjwa. Anza kuangalia tope kwenye vihisio, waya iliyokatika karibu na gurudumu, au tairi isiyolingana na nyingine."

Fundi alibonyeza kitufe chenye picha ile ile na neno OFF, maana yake kimezimwa. Tukaondoa mchanga mbele ya tairi kwa koleo. Tukapunguza upepo kidogo katika tairi ili zikanyage kwa upana. Mfanyabiashara akaondoka taratibu, akatoka. Alipofika pagumu alikiwasha tena kizuia utelezi. Kisha akaenda polepole hadi penye pampu akajaza upepo.

Fundi aliongeza mambo mawili. Gari linalojifunga lenyewe lisivutwe huku magurudumu mawili yako juu na mawili chini. Gia zake zitaungua. Na hakuna fowili isiyokwama. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa pa kukanyaga, magari mengi ya fowili husimama pale pale. Ndiyo maana koleo na kamba ni vyombo vya gari, kama jeki na spana.

UAMUZI WA KIKUNDI

Jioni tulikaa chini ya mti, Mama mweka hazina akasoma daftari lake. Tairi moja haifai. Mipira ya hewa ni mizee. Oili ya difu na transfa ibadilishwe. Injini ni nzima. Fowili inavuta ikiamshwa.

Wengine walitaka kulikataa gari. Wengine walitaka kulipa na kwenda zao. Mama alisema, "Gari si bovu, na si zima. Bei ndiyo isiyo sawa. Tutoe gharama ya vitu hivi katika nusu iliyobaki. Asipokubali, aturudishie fedha zetu."

Kijana wa muuzaji alikuwa shahidi wa yote. Alimpigia tajiri wake simu. Walizungumza kwa muda. Mwishowe muuzaji alikubali, na makubaliano yakaandikwa katika karatasi, pande zote zikatia sahihi.

Kikundi kiliamua pia mambo mawili. Fowili ifungwe angalau mara moja kila mwezi, kwenye njia ya udongo, hata wakati wa kiangazi, ili oili ipite na vyuma visigande. Na kila masika yakikaribia, wanachama wote wachimbue mifereji ya barabara yao kwa siku moja. Mzee mwenyekiti alisema atakuja na jembe lake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini fowili isifungwe kwenye lami kavu?
2. Taa ya fowili ikiendelea kupepesa, utaangalia nini kwanza, na nini baadaye?
3. Utajuaje kwa macho kwamba magurudumu ya mbele yanavuta? Utasimama wapi?
4. Katika kijiji chenu maji ya barabara yanakwenda wapi mvua ikinyesha? Nani anazibua mfereji?